Umbali wa Kusimama na Mwembe: Ari ya Kufaulu kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Rangwe, Kaunti ya Homa Bay

Wazee wetu, kina mama, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi wa chuo kikuu, makomredi, mliojipanga karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawaona.

Nimeombwa nizungumze kwa Kiswahili kwa kuwa tuna wageni kutoka Kisii na Migori, na si wote wanaosikia Dholuo. Nitajitahidi. Dholuo ikiniponyoka, anayeisikia amtafsirie jirani yake.

Nimekuja na daftari. Ni hili hapa, la kurasa 32, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Mwaka 1996, nilipopata nafasi ya chuo kikuu, baba mdogo aliita harambee nyumbani kwetu, si mbali na hapa, na yeye ndiye aliyekuwa akiandika. Ukurasa wa kwanza: mwalimu mstaafu, shilingi 500. Fundi baiskeli wa sokoni, 50. Kuna mstari umeandikwa "jogoo", na mbele yake bei nne tofauti, maana jogoo yule alinadiwa mara nne. Kila aliyemnunua alimrudisha anadiwe tena. Jua lilipotua, jogoo alikuwa ameingiza pesa nyingi kuliko mgeni wa heshima.

Jumla ilikuwa shilingi 11,340. Karo ya mwaka ilikuwa 16,000. Kilichopungua kilitoka kwa mbuzi wa nyanya, kwa sababu bodi ya mikopo, HELB, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu na sisi wa huku tulikuwa bado tunauliza ofisi yake iko wapi.

Daftari hili nililibeba kwenye sanduku la bati, chini ya nguo. Hakuna aliyenituma nilibebe. Usiku nilikuwa nalifungua na kulisoma kama mtu anayesoma orodha ya wadai wake. Na mwisho wa mwaka wa kwanza nikaanguka takwimu. Sikumwambia mtu. Likizo ile nilipoulizwa habari za masomo, nilijibu neno moja: "Yanaenda." Swali lililonileta hapa leo ni hilo. Majina 61 yamo humu, watu 61 wanaotaka ufaulu, na wewe mwenyewe unataka kufaulu kuliko wao wote. Inakuwaje basi usiku wa kuamkia mtihani unajikuta unacheza karata?

Jambo hili, ari ya kufaulu, wanasaikolojia wamelishughulikia kwa muda mrefu. Henry Murray wa Chuo Kikuu cha Harvard aliliweka katika orodha yake ya mahitaji ya binadamu mwaka 1938. Baada yake David McClelland alilifanya kazi ya maisha, na mwaka 1961 akatoa kitabu kizima akidai kwamba hata kuinuka na kuporomoka kwa mataifa kunategemea ari hiyo. Dai hilo mimi silinunui. Mataifa yana mambo mengi. Lakini namna alivyoipima ari inanivutia mpaka leo. Hakumuuliza mtu, "Je, una bidii?" Nani atasema hana? Alimwonyesha picha, akamwomba aisimulie hadithi.

Tujaribu. Kijana ameketi mezani. Kitabu kiko wazi mbele yake lakini hakitazami. Ameshika tama, anaangalia mbali. Anawaza nini?

(Mama mmoja wa safu ya mbele: "Karo!" Kicheko ukumbini.)

Asante, mama. Kwa kipimo cha McClelland hapo hujapata hata alama moja. Yeye alitaka kusikia kwamba kijana anasumbuka na swali gumu, anataka kulipatia njia, anataka kuifanya kazi yake vizuri kuliko alivyoifanya jana hata kama hakuna anayemwona. Mwenye kuwaza karo, kwake yeye, anawaza pesa. Hapo mimi na profesa tunaachana kidogo, lakini tusimwache bado, maana ana mchezo mmoja mzuri.

Watoto wanapewa pete za kamba wazirushe ziingie kwenye kigingi. Hawaambiwi wasimame wapi. Wapo wanaosogea hadi miguuni pa kigingi na kuziangusha tu. Wapo wanaokwenda mbali mno na kurusha ovyo. Na wapo wanaotafuta mahali pa katikati, wanarusha, wanakosa, wanasogea hatua moja, wanarusha tena. Hao wa tatu ndio wenye ari ya kweli, kwa sababu hapo katikati pekee ndipo mkono wako unapoleta tofauti. Ukiwa karibu mno hujajua kitu. Ukiwa mbali mno, ukipata ni bahati.

Kigingi hatuna, lakini miembe tunayo. Msimu wa maembe, keti chini ya kivuli uwatazame watoto wenye mawe. Yule anayelenga embe la chini kabisa mnamfahamu. Mtazameni sana yule anayesimama kule barabarani na kulenga embe la kileleni. Kabla jiwe halijaondoka mkononi ameshaanza kucheka. Akikosa, wenzake wanacheka naye anacheka zaidi, kwani nani angelipata lile? Kukosa kwake hakuna aibu. Mtoto yule hana uvivu hata kidogo, jasho linamtoka. Anachokikimbia ni kukosa embe ambalo watu wote wanajua angeweza kulipata.

John Atkinson, aliyefanya kazi na McClelland, alilieleza hilo waziwazi katika miaka ya 1950 na 1960: ndani ya mtu mmoja kuna kiu ya kufaulu na kuna hofu ya kuanguka, na vitu hivi viwili si pande mbili za mizani moja. Unaweza kuwa na kiu kubwa na hofu kubwa kwa pamoja. Hofu ikizidi kiu, mtu huchagua kilicho rahisi sana au kigumu sana.

Nawaomba makomredi mlibebe hili mkitoka. Mimi nafundisha chuo kikuu, na nimekaa na wanafunzi wengi wa kutoka kwetu ambao wazazi wao wameshawaita wavivu. Wavivu kweli ni wachache. Wengi nimewakuta wamesimama kule barabarani. Mmoja ameng'ang'ania udaktari wakati hesabu za kemia zinamkataa, mwaka wa pili huo, na hataki kusikia kuhama kozi. Mwingine anaacha kusoma mpaka usiku wa mwisho, ili akianguka aseme hakuwa na muda. Mwaka 1978 Steven Berglas na Edward Jones waliandika juu ya tabia hii, ya mtu kujiwekea kizuizi mwenyewe mapema ili kizuizi ndicho kilaumiwe badala ya akili yake. Waliifanyia majaribio kwa wanafunzi wa Marekani, lakini wangekuja hosteli zetu wiki ya mitihani wasingehitaji maabara.

Na yupo yule wa upande wa pili, anayesimama chini kabisa ya embe: mwenye mwakenya. Wageni wetu wa ng'ambo wakisikia neno hili hudhani ni uzalendo. Mwakenya lilikuwa vuguvugu la siri la kisiasa la miaka ya 1980, likisambaza makaratasi yake gizani. Wanafunzi wakalichukua jina na kukipa kile kikaratasi kinachofichwa kwenye mkono wa shati. Ninapomkamata mwanafunzi na mwakenya, mara nyingi mwandiko ni mzuri, mambo yamefupishwa kwa ustadi, yamepangwa. Mtu aliyeweza kuufupisha muhula mzima kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja tayari amesoma. Hakujiamini tu. Albert Bandura, tangu 1977, alisisitiza kwamba uwezo ni kitu kimoja na imani ya mtu kwamba anao uwezo huo ni kitu kingine, na hiyo ya pili ndiyo inayoamua kama atajaribu.

Sasa turudi kwa mama na karo yake. McClelland aliwaza mtu mmoja mmoja: mimi na kigingi changu. George De Vos, aliyewachunguza Wajapani na kuchapisha kazi yake mwaka 1973, aliona jambo jingine. Mjapani alisukumwa sana kufaulu, lakini msukumo ulikuwa ni mama yake, ni jina la nyumba, ni deni kwa waliojinyima. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu maktabani. Alikuwa anaeleza daftari la baba mdogo! Kwa hiyo mama, jibu lako lilikuwa sahihi. Kijana wa Rangwe anayewaza karo anawaza kufaulu, ila anakuwaza pamoja na majina ya watu.

Je, majina hayo yanamsaidia au yanamlemea? Nitasema ninavyoamini: yanamsaidia hadi siku anapoanguka. Siku hiyo yanageuka. Mtu asiyedaiwa akianguka takwimu ameanguka takwimu, basi. Mimi nilikuwa nimewaangusha fundi baiskeli, kanisa, na jogoo aliyenadiwa mara nne. Ndiyo maana tunaficha, na anayeficha hawezi kusahihishwa. Mtoto wa mwembe hujua alikosea kiasi gani kwa sababu aliliona jiwe likipita kushoto kwa embe. Ukifumba macho jiwe likiwa hewani, hata umbali uwe wa katikati, haukufundishi kitu.

Mzaliwa wa kwanza hubeba zaidi. Anamaliza shahada Juni, na Julai anaulizwa karo ya shule ya mdogo wake. Nimewaona wanafunzi hodari wakikataa nafasi ya shahada ya uzamili kwa sababu hiyo, na sikuwa na la kuwaambia.

Robert LeVine, Mmarekani aliyeishi na kufanya utafiti kwa majirani zetu Abagusii miaka ya 1950, alikwenda baadaye Nigeria akakusanya ndoto na insha za wavulana wa shule. Katika kitabu chake cha 1966 alisema wavulana wa Kiigbo waliota mafanikio zaidi kuliko wa Kihausa. Sipendi utafiti unaopanga makabila mstari mmoja kama ng'ombe wa mnada wa Rodi Kopany. Lakini sababu aliyoitoa inafaa kutafunwa: mtoto huota kile anachokiona kikizaa matunda katika jamii yake. Palipo na cheo kwa juhudi, ataota juhudi. Palipo na cheo kwa kujikomba kwa mkubwa, ataota mkubwa. Tukiketi jioni mbele ya watoto wetu na kusema kazi siku hizi ni ya wenye kujuana tu, tusishangae mwanafunzi akitumia muhula mzima kutafuta wa kujuana naye.

Najua mnangoja nimtaje mwana wa Kanyadhiang' ambaye mtoto wake alitawala Marekani. Leo nitamwacha apumzike, nimtaje Tom Mboya, ambaye jina lake liko kwenye lango la chuo kikuu pale Homa Bay mjini.

Mtu wa Rusinga, lakini alizaliwa Kilima Mbogo mwaka 1930, baba yake akifanya kazi katika shamba la mkonge. Alisoma Mang'u, na karo ilipokosekana akatoka kabla ya kumaliza njia yote. Hapo ndipo wengi wetu huelekea barabarani kulenga kilele, au kukaa chini na kulia. Yeye alisomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Ukaguzi wa afya! Kutembelea maduka ya maziwa na mitaro. Akiwa hapo aliwaunganisha wafanyakazi wenzake wa serikali za mitaa katika chama. Kutoka chama kimoja akaingia kwenye shirikisho la vyama. Mwaka 1955 akapata mwaka mmoja wa masomo Ruskin College, Oxford. Mwaka 1957 akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Na mwaka 1959, akiwa hana shahada, ndege ya kwanza aliyoihangaikia iliwabeba wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na kufikia 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800. Aliuawa Julai 5, 1969, kabla hajatimiza miaka 39.

Watu humsimulia Mboya kama radi iliyopiga ghafla. Mimi nikiyasoma maisha yake namwona mtoto wa mwembe anayesogea hatua moja kila mara. Kila kazi aliyoishika ilikuwa mbele kidogo ya ile aliyoijua tayari, na kila moja ilimwonyesha upesi kama amekosea.

Tumepotoka wapi basi, sisi tunaowasukuma watoto barabarani? Maana utotoni tunawalea vizuri ajabu. Marian Winterbottom, mtafiti mwingine wa ari, aliona kwamba wavulana wenye ari walikuwa na mama waliowaachia mapema wafanye mambo wenyewe. Hapa kwetu mtoto wa miaka minane anaachiwa ng'ombe. Anaamua malisho yako wapi leo, mvua ikija akimbilie wapi, na ng'ombe akiingia shambani kwa mtu jibu analipata palepale, mgongoni. Msichana wa umri huohuo anajua ndoo ipi ataiweza kutoka mtoni na ipi itamwagika njiani. Huo ndio umbali wa katikati, na waliupata bila profesa yeyote. Kisha mtoto huyohuyo anamaliza kidato cha nne, na ule mtandao wa KUCCPS wa kuchagua kozi unafunguliwa na mjomba, simu mkononi mwa mjomba, nywila anaijua mjomba. Aliyechagua malisho akiwa na miaka minane hachagui kozi akiwa na 18.

Lipo na suala la nani alaumiwe. Julian Rotter, mwaka 1966, alitofautisha wanaoamini mambo yao yako mikononi mwao na wanaoamini yako nje: bahati, wakubwa, kurogwa. Vitabu vingi vya kuwahamasisha vijana vinasema uwe wa kundi la kwanza. Nakubali nusu. Mwaka 2015 watahiniwa 2,685 walipata A katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE. Mwaka 2016, baada ya usimamizi wa mtihani kukazwa, A zikawa 141. Je, ubongo wa vijana wa Kenya ulinyauka kwa miezi kumi na miwili? Kilichobadilika kilikuwa nje yao. Aliyepata C mwaka ule akajiita mjinga alijionea, na aliyepata A mwaka uliotangulia akajiita mwerevu, mmmh, hayo tumwachie yeye na Mungu wake.

Na mwanafunzi ambaye alama zake zimepotea ofisini, anayeambiwa kila Jumatatu arudi Ijumaa, ukimhubiria kwamba kila kitu kiko mikononi mwake unamtukana. Tangu 2023 kuna mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu unaoipima familia ya kila mwombaji na kuipanga kwenye bendi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka katiba, kesi ikapanda Mahakama ya Rufaa. Mawakili wataendelea nayo. Jicho langu liko kwenye simu ya mtoto. Kabla hajaingia darasani hata siku moja, ujumbe unamjia kumwambia yeye ni maskini wa daraja gani. Wengine wanaupinga na kukata rufaa, wengine wanauamini. Mwanafunzi mzuri, kwa maoni yangu, ni yule anayeweza kutenga mafungu mawili: hili nimelikosea mimi, lile nimekosewa. Nalo fungu la pili alipiganie bila kulitumia kulifunika la kwanza.

Kina dada nimewaweka mwisho wala si kwa dharau. Ni kwamba jambo lenu limebadilika mikononi mwangu nikiwa bado nalifundisha. Mwaka 1968 Matina Horner aliwapa wanafunzi wa Michigan sentensi ya kuanzia hadithi: msichana fulani anaongoza darasa la udaktari. Wengi wa wasichana walimalizia kwa mabaya, kwamba hana marafiki, hataolewa, kuna udanganyifu. Hali hiyo akaiita hofu ya kufaulu. Waliorudia jaribio baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara, na wengine wakasema wasichana hawakuogopa kufaulu, walijua tu jamii itawafanyia nini. Katika kaunti ambayo mwaka 2022 ilimchagua Gladys Wanga kuwa gavana, na yenye shule kama Asumbi Girls hapa jirani, wasichana ninaowafundisha leo hawaogopi kuongoza. Lakini wakirudi nyumbani likizo, kaka mwenye mtihani anaachwa asome, dada mwenye mtihani anaitwa jikoni. Hapo sihitaji nadharia, nahitaji kaka aoshe vyombo.

Nimalizie daftari, maana naona mlango umeshaanza kufunguliwa kule nyuma.

Jina la 61, la mwisho, ni la mama mmoja mzee wa boma la pili kutoka kwetu. Hakuwa na pesa. Baba mdogo aliandika: "Mayai 6." Likizo ile ya "yanaenda" nilimkuta kisimani, nikamshikia kamba. Akaniuliza masomo. Sijui kwa nini yeye nilimwambia ukweli. Pengine kwa sababu mayai sita hayatishi. Nikamwambia, "Dani," yaani nyanya, "kuna somo moja nimeanguka."

Hakushtuka. Akaivuta ndoo hadi ukingoni, akaniuliza, "Nyakwara," yaani mjukuu wangu, "wanawarudishia mtihani lini?"

Nikamwambia, Septemba.

"Na lililokushinda unalijua ni lipi?"

Nilitaka kusema takwimu. Nikaona hilo si jibu, maana ndilo jina la kitabu kizima. Nikafikiri. Nikamwambia kuna sura mbili ambazo sikuzielewa tangu Novemba, na nilikuwa naona haya kuuliza.

"Mbili," akasema. Akaniwekea ndoo kichwani, tukaondoka.